Ziwa Kivu: mashindano ya tanga yaanzie kwenye kuogelea

Kijana wa Goma, Bukavu ao Kalemie anayetamani mashindano ya mashua za tanga hana haja ya mashua kubwa. Watoto wengi duniani wanaanza na Optimist, kimashua cha mita 2,3 kilichobuniwa Marekani mwaka 1947: tanga moja, mtoto mmoja ndani. Haiwezi kwenda moja kwa moja kule upepo unakotoka. Inapinda kushoto, kisha kuume, mpaka inafika. Lakini mbele ya hayo yote, mtoto anapaswa kujua kuogelea, kuvaa jile ya kuokoa maisha na kuinua mashua iliyopinduka.

Hapo ndipo kuna faida kwa wakaaji wa pembeni ya maziwa. Tarehe 3 Oktoba 2024, boti MV Merdi ilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma, ikiwa imejaza watu kupita kiasi. Makumi ya watu walikufa, nchi kavu ikionekana.

Mchezo wa tanga hautazuia wenye boti kujaza abiria. Hiyo ni kazi ya serikali. Lakini mtoto aliyezoea kutoingia majini bila jile, kesho atakataa kupanda boti isiyokuwa nazo. Wazazi na shule waanze na hilo. Kombe litafuata.