Mpigambizi Asipandishwe Nairobi

Tumezoea kuamini kwamba mgonjwa aliyezidiwa ni wa kuletwa Nairobi. Hospitali Kuu ya Kenyatta iko hapa, zile za Parklands na Hurlingham ziko hapa, na madaktari wa ndege wa AMREF huruka kutoka Uwanja wa Wilson. Hata hivyo, yuko mgonjwa mmoja ambaye mazoea hayo yaweza kumlemaza, naye ni mpigambizi.

Mtu azamaye na mtungi wa hewa hubanwa na maji. Kila mita 10 humwongezea shinikizo sawa na la hewa yote ituzungukayo pwani. Naitrojeni aivutayo huyeyuka mwilini. Akiibuka kwa pupa, hugeuka viputo, mithili ya soda iliyofunguliwa ghafla, navyo huziba mishipa, huumiza viungo na pengine hupoozesha miguu. Mpandishe mtu huyo Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi, na viputo vile vitazidi kutanuka. Lugha ilikwisha kutuonya: twateremka Mombasa, twapanda Nairobi. Lakini nani husikiliza vitenzi?

Mwanafunzi wangu mmoja alipiga mbizi Watamu Jumapili asubuhi. Jioni alikuwa ndegeni. Jumatatu mkono ukafa ganzi. Katika zahanati moja ya magharibi mwa jiji alipewa dawa za malaria, asiulizwe alikotoka. Alipona kwa bahati tu. Kanuni ya wapigambizi ni kungoja angalau saa 12 baada ya mbizi moja, na 18 baada ya mbizi kadhaa, kabla ya kuruka. Garimoshi la SGR nalo halipai, ila lapanda vilevile.

Tiba yenyewe ni oksijeni safi papo hapo, kisha chemba ya shinikizo. Kwa miaka mingi wapigambizi wa pwani yetu wameitegemea ile ya Jeshi la Wanamaji, Mombasa. Basi nani atampigia nani simu saa nane usiku? Nani ana idhini ya kumfungulia raia lango la kambi? Ikibidi mgonjwa asafirishwe kwa ndege, je, ndege hiyo yaweza kudumisha shinikizo la usawa wa bahari, au rubani ataruka chinichini? Maswali haya hujibiwa kabla ya ajali, si mgonjwa akiwa tayari amelazwa mchangani Diani.

Gari lililotumbukia Likoni Septemba 29, 2019, liliopolewa Oktoba 11 kutoka kina cha takriban mita 58. Sisi huku bara tulihesabu siku na kulaumu ukawiaji. Ni wachache mno waliouliza kina hicho kingewafanya nini wazamiaji wenyewe, lau wangeharakishwa kuibuka.

Daktari wa Nairobi naye ana swali moja tu la kuongeza, mgonjwa wake akiwa ametoka pwani: ulipiga mbizi lini mara ya mwisho?