Kwa Mtumbwi Kutoka Kipini Hadi Ozi

Watu wengi wa bara waujuao Mto Tana huujua pale unaposhuka kwa kishindo kutoka nchi ya milima. Ni wachache waliouona mwisho wake huko Kipini, ambako mto huo, ulio mrefu kupita yote ya Kenya, huingia baharini polepole.

Mwenye mtumbwi wa Kipini hatazami saa; hutazama maji. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa muda upatao siku moja, nayo ijaapo huusukuma mto urudi nyuma. Basi atakaye kwenda Ozi hungoja maji yaanze kujaa, na atakaye kurudi hungoja yaanze kupwa. Ashindanaye na mkondo huichosha mikono yake bure.

Karibu na bahari kingo zote mbili zina mikoko. Juu kidogo mikoko hupungua, matete na mikindu ikatokea, na hapo pana viumbe wengi. Yangeyange husimama kwenye maji haba, na mdiria hujitupa mtoni kama jiwe akaibuka na samaki. Mamba huota jua matopeni. Kwa hiyo haifai kuning'iniza mkono majini. Viboko hushinda mtoni mchana, na usiku hutoka kula majani. Mpiga kafi mwenye busara hugonga ubavu wa mtumbwi ili kiboko asikie mapema, wala hapiti kati ya mnyama huyo na maji ya kina.

Huko Ozi wakulima wa Kipokomo hulima mpunga kwa msaada wa bahari yenyewe. Maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi, hivyo hukaa juu. Wakati wa bamvua, bahari huyainua maji ya mto mpaka yakaingia mifereji na kunywesha mashamba, pasipo mashine yoyote.

Lakini kazi hiyo yataka mto wenye nguvu. Kati ya mwaka 1968 na 1988 mabwawa matano yalimalizika kujengwa sehemu za juu za Tana. Kubwa kupita yote ni Masinga, la mwaka 1981. Yameleta umeme, na faida yake hakuna aikanaye. Hata hivyo mafuriko yaletayo rutuba yamepungua, na mto udhoofikapo wakati wa kiangazi chumvi hupanda juu na kuunguza mpunga.

Mwaka 2012 delta ya Tana iliandikwa katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye thamani kwa ulimwengu wote. Heshima hiyo ni njema, ila orodha haiteremshi maji. Mkulima wa mlimani afunguapo mfereji wake yampasa akumbuke kwamba kuna mwenzake Ozi, amesimama kando ya shamba, akiyaonja maji kwa ulimi kabla hajayafungulia mpunga.