Watu wazima wenye ulemavu wa akili nao wanahitaji pa kwenda asubuhi

Kijana mwenye ulemavu wa akili anapomaliza kitengo cha elimu maalumu katika shule ya msingi, mara nyingi safari yake huishia nyumbani. Anafika utu uzima akishinda barazani, na mama yake hathubutu kumwacha peke yake kwenda sokoni.

Iringa imeonyesha kwamba ulemavu haumzuii mtu kushika zamu. Karakana ya Neema Crafts ilianza mwaka 2003 na vijana watatu viziwi waliotengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo. Leo ina hata mkahawa unaohudumiwa na viziwi, mteja akiandika anachotaka.

Wenye ulemavu wa akili nao wanahitaji mahali pa namna hiyo, kituo cha mchana: huyu achambue mchele, yule achote maji, mwingine apange sahani. Asiyefika aulizwe yuko wapi, kwa sababu pengo lake limeonekana. Sisi tunaiona hiyo kuwa heshima kubwa kuliko msaada wowote wa sikukuu.

Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, hawa wa mwisho wakipata asilimia 2. Ni jambo jema, lakini mkopo wa biashara haumlipi msimamizi wa kituo wala nauli ya daladala. Bajeti ijayo iwe na fungu la vituo hivi. Kila kata ianze na chumba kimoja, mwalimu mmoja wa elimu maalumu na uji wa saa nne.