Kitufe kidogo kinavyowakwamisha watengenezaji wa vifaa vya elektroniki

WABUNIFU wa vifaa vya elektroniki nchini wamekuwa wakisifiwa katika maonyesho na mashindano mbalimbali, na kila wanapoulizwa kwa nini vifaa vyao havifiki madukani, jibu huwa ni mtaji. Jibu hilo ni la kweli, lakini halijakamilika. Kipo kikwazo kingine kisichotajwa majukwaani, nacho ni namna ya kufunga kitufe kwenye kasha.

Jambo hili laweza kuonekana dogo mno kupewa nafasi gazetini. Hata hivyo, mnunuzi haioni saketi iliyomo ndani. Anachokiona ni kasha, na anachokigusa kila siku ni kitufe. Yeyote aliyewahi kuingiza tarakimu 20 za umeme wa LUKU huku kitufe kimojawapo kikigoma anaelewa adha yake. Familia inayonunua umeme kila wiki hubonyeza vitufe hivyo zaidi ya mara 1,000 kwa mwaka.

Lakini mita hutengenezwa kwa maelfu, na hapo ndipo ilipo tofauti. Tuchukulie kalibu ya chuma ya kumiminia plastiki inagharimu dola 5,000 za Marekani. Kiwanda kinachotoa makasha 10,000 kitabebesha kila kasha senti 50 tu. Fundi anayetengeneza makasha 50 atabebesha kila moja dola 100, fedha ambazo huenda zikazidi bei ya kifaa chenyewe. Kwa sababu hiyo hununua kasha lililo tayari, akachukua drili na kutoboa mwenyewe.

Mfano ulio wazi ni mashine za kutotoleshea vifaranga zinazotengenezwa na mafundi wadogo mijini. Mayai ya kuku huhitaji joto la nyuzi 37.5 hivi kwa siku 21. Kitufe cha kuongeza joto kikikwama kikiwa kimebonyea, kipimo kilichowekwa huweza kupanda pasipo mfugaji kujua, na asubuhi akakuta mayai yote yameharibika. Saketi haina kosa lolote, wala programu. Kosa liko kwenye tundu.

Vitufe vinavyotumika sana kwenye bodi za saketi vina ukubwa wa milimita 6 kwa 6, na mwendo wake wa kubonyea ni karibu robo ya milimita. Fundi huifunga bodi chini ya kifuniko, kisha hutoboa tundu ili kichwa cha kitufe kichomoze. Akikosea urefu wa nguzo za kushikilia bodi kwa nusu milimita tu, siku akikaza skrubu za kifuniko kitufe kitabaki kimebonyezwa muda wote. Akikosea upande wa pili, kidole hakitakifikia. Printa ya 3D, ambayo vijana wengi huitazama kama mkombozi, nayo haimalizi tatizo, maana zile za bei nafuu hukosea kwa sehemu mbili za kumi za milimita au zaidi. Hizo ni karibu na mwendo wote wa kitufe! Zaidi ya hayo, bodi isiyo na nguzo karibu na kitufe hupinda kila inapobonyezwa, na viungo vya risasi huanza kupasuka.

Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, anayetengeneza vifaa vichache afadhali atumie kitufe kinachofungwa kwa nati kwenye kifuniko chenyewe, kisha kuunganishwa na bodi kwa waya. Nguvu ya kidole hupokelewa na kasha, na kikiharibika hubadilishwa bila kung'oa bodi. Ni kweli kwamba kitufe cha namna hiyo ni ghali zaidi na waya zake hula muda. Lakini nusu milimita haiwi tena suala la kufa na kupona.

Kinachobaki ni tundu lenyewe, ambalo kwa kawaida huwa la milimita 12, 16 au karibu 22. Biti ya kawaida huchana plastiki laini na kuacha tundu lisilo duara. Biti ya ngazi hulikata vizuri. Kitufe kilichoandikwa IP65, yaani hakipitishi vumbi wala maji yanayorushwa kwa bomba, hupoteza sifa hiyo kikifungwa kwenye tundu lililochanika, kwa kuwa mpira wake haukai sawasawa. Kibati cha chuma chenye matundu yaliyopimwa, kinachowekwa juu ya kila kifuniko kabla ya kutoboa, kingetosha kuyafanya makasha yote 50 yafanane.

Kibati hicho si teknolojia ya kuagizwa ng'ambo. SIDO ipo tangu mwaka 1973 na VETA tangu 1994, na kazi ya namna hiyo iko ndani ya uwezo wa karakana yoyote ya ufundi wa vyuma. Swali ni iwapo wanaotoa fedha za ubunifu wanaiona kuwa ni kazi inayostahili fedha. Mashindano huonyesha kifaa kimoja, na kifaa kimoja huweza kupigwa tupa usiku kucha hadi kitufe kikae. Majaji wangeweza kuomba makasha kumi badala ya moja, wakayafungua na kuyafunga tena, kisha wakabonyeza kila kitufe.