Mtambo wa Michezo Ugeukapo Sinema ya Nyumbani

Si ajabu siku hizi, katika nyumba za Buyenzi, Bwiza au Ngagara, kukikuta chini ya televisheni kile kisanduku cheusi ambacho watoto hukiita PlayStation. Aghalabu kimetoka mbali: kimeletwa na baba aliyerudi kutoka kazini ng'ambo, au na shemeji akaaye Ubelgiji, kikiwa zawadi ya watoto. Lakini haupiti muda mrefu kabla zawadi haijabadili kazi. Watoto huchezea mpira wao Jumamosi mchana, na usiku unapoingia jamaa nzima huketi mbele ya mtambo huo huo kutazama sinema.

Jambo hilo halikuanzia Bujumbura. Tarehe 4 Machi 2000 kampuni ya Sony ilianza kuuza PlayStation 2 huko Japani. Wakati ule deki za DVD zilikuwa ghali, na mtambo huo ulisoma DVD bila kuongezewa kitu. Kwa hiyo watu wengi waliununua kwa ajili ya sinema kwanza, na michezo ikafuata nyuma. Hatimaye iliuzwa mitambo ya aina hiyo zaidi ya milioni 150 duniani. PlayStation 3, iliyotoka Novemba 2006, ilifuata njia hiyo hiyo kwa diski mpya za Blu-ray, na ikasaidia sana diski hizo kuishinda HD DVD, ambayo Toshiba iliiacha Februari 2008.

Hata hivyo, si kila mtambo wa michezo ni deki. Xbox ya kwanza, ya mwaka 2001, haikuonyesha DVD mpaka mwenyewe anunue rimoti yake maalumu. Wii ya Nintendo, ya mwaka 2006, haionyeshi DVD kabisa. PlayStation 5, ya Novemba 2020, ilitoka kwa aina mbili, na moja haina mahali pa kutia diski. Anayenunua mtambo uliokwisha kutumika hana budi kuuliza hayo kabla ya kutoa fedha, na kuomba aonyeshwe sinema papo hapo dukani, angalau robo saa. Mtambo ambao jicho lake la kusomea diski limechoka huanza vizuri, kisha hukwama katikati.

Kuna na tatizo la diski zenyewe. Sinema nyingi za Tanzania za miaka ya 2000, zikiwamo baadhi ya zile zilizompa marehemu Steven Kanumba jina kubwa katika Afrika Mashariki na ya Kati kabla ya kifo chake tarehe 7 Aprili 2012, ziliuzwa kwa VCD. PlayStation 2 haisomi VCD. Mama aliyeweka akiba ya diski hizo ataona mtambo wa thamani unazikataa, ilhali deki ya bei nafuu huzipokea zote. Aidha, watengenezaji wa DVD waliigawa dunia katika sehemu zenye nambari. Burundi, pamoja na sehemu kubwa ya Afrika, imo katika sehemu ya 5. Ulaya, Japani na nchi za Ghuba zimo katika sehemu ya 2. Marekani ni ya 1. Mtambo uliotoka Brussels au Dubai hutaka DVD za sehemu ya 2, au zile zisizofungwa kwa nambari yoyote. Nambari hiyo huandikwa nyuma ya kasha, ndani ya picha ndogo ya dunia, na kuitazama hakugharimu kitu.

Jambo la tatu ni umeme. Bandu bandu huisha gogo, na katika nyumba inayonunua umeme wa REGIDESO kwa kulipia kwanza, gogo hilo ni mshahara. PlayStation 3 za mwanzo hutumia wati 150 hivi zinapoonyesha sinema. Deki ya kawaida hutumia wati 10 hivi. Tuseme jamaa hutazama sinema ya saa mbili, siku tano kwa juma. Kwa majuma manne mtambo wa michezo utakula yuniti 6 za umeme, na deki haitafika hata nusu yuniti. PlayStation 2 hula kidogo kuliko hiyo, lakini bado huizidi deki. Tena mtambo mkubwa uliomaliza sinema na kuachwa ukiwaka huendelea kula umeme karibu sawa na unaofanya kazi. Sinema ikiisha, uzimwe, kisha uchomolewe ukutani, maana umeme ukikatika na kurudi kwa nguvu huweza kuuharibu.

Mtambo huu vilevile hutoa joto jingi, na Bujumbura, jirani ya ziwa Tanganyika, haina uhaba wa joto. Desturi ya kufunika vyombo vya sebuleni kwa vitambaa vilivyofumwa ni nzuri, lakini mtambo ukiwaka kitambaa kiondolewe. Uwekwe mbali na ukuta kiasi cha kiganja, usisukumwe ndani ya kabati, na katika miezi ya kiangazi, Juni hadi Septemba, matundu yake yafutwe vumbi kila juma kwa brashi laini. Chombo kilichogharimu miezi ya akiba hakifai kufa kwa vumbi.

Lakini lililo zito kuliko yote ni malezi. Deki hungoja mzazi aweke diski. Mtambo wa michezo, kwa kuwa uliletwa kwa jina la watoto, watoto huushika kama mali yao, na padi huwa mikononi mwao. Baba yuko zamu ya usiku au yuko kambini mkoani. Mama yuko jikoni. Kijana wa miaka tisa anatazama vita vya Hollywood peke yake. Katika nchi iliyopita katika vita vya miaka mingi kuanzia 1993, nyumba nyingi zina mtu ambaye mlio wa bunduki kwake si mchezo. Nyanya katika chumba cha pili, au jirani nyuma ya ukuta, hushtuka usingizini bila kujua kwamba ni televisheni. Askari mwenyewe, aliyerudi Somalia ambako majeshi ya Burundi yalianza kwenda Desemba 2007, huenda hapendi kuukuta mlio huo sebuleni kwake, wala hapendi kueleza sababu.

Dawa yake si kuuza mtambo. Dawa ni utaratibu uliokubaliwa na wote. Diski za wakubwa zikae kabatini kwa mama. Siku za shule michezo isizidi nusu saa, na ianze baada ya madaftari kukaguliwa. Sauti ipunguzwe saa tatu usiku. Na angalau usiku mmoja kwa juma sinema ichaguliwe ya kutazamwa na wote, kuanzia mjukuu hadi nyanya. DVD moja yaweza kubeba sauti za lugha nane na maandishi ya lugha thelathini na mbili. Kiswahili ni nadra kuwamo, lakini Kifaransa kimo katika nyingi. Mtoto anayesoma shule ya msingi ayasome maandishi hayo na kumfasiria nyanya yake kwa Kiswahili au Kirundi. Atajifunza lugha mbili kwa mara moja, na nyanya naye atajua kinachotazamwa nyumbani mwake. Ikipatikana Gito l'ingrat ya Léonce Ngabo, ya mwaka 1992, filamu ndefu ya kwanza ya Mrundi, kuhusu kijana anayerudi kutoka Paris na shahada na majivuno, watoto wataona kwamba hata Bujumbura yao inafaa kuwa sinema.

Kwa hiyo, nyumba isiyo na kitu, inayotaka sinema tu, na inunue deki ya kawaida, ibakishe fedha kwa sare na madaftari. Nyumba ambayo mtambo umekwisha kuingia na iutumie bila haya kwa sinema, maana ndiyo kazi iliyowafanya wengi wa mwanzo waununue. Ila padi ikae mkononi mwa mkubwa. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.