Zoezi Si Kazi Duni

Wako watu waliosoma wasemao kwamba zoezi ni zoezi tu, na sanaa ni kitu kingine. Kwao, kazi iliyotungwa ili mwanafunzi ajifunze ni kama jukwaa la mwashi: nyumba ikiisha, hubomolewa. Neno hili si kweli, na shahidi wangu ni Johann Sebastian Bach.

Tangu mwaka 1708 hata 1717 Bach alikuwa mpiga kinanda katika jumba la watawala wa Weimar, Ujerumani. Huko alianza kitabu kidogo kiitwacho Orgelbüchlein, na baadaye akaandika katika ukurasa wake wa kwanza kwamba ni cha kumfunza anayeanza kinanda namna ya kuufanyia kazi wimbo wa kanisa, na jinsi ya kutumia miguu. Alikusudia kutia nyimbo 164. Alizotimiza ni 46 tu. Mojawapo ni utangulizi wa wimbo wa Kilutheri ambao jina lake maana yake ni "Nakuita Wewe, Bwana Yesu Kristo".

Utangulizi huo huisha kwa dakika chache, nao una sauti tatu tu. Mkono wa kuume hushika wimbo wenyewe, polepole, kwa mapambo machache, kama mtu aombaye akichagua maneno yake. Mkono wa kushoto hutiririka chini yake bila kupumzika, noti nne kwa kila pigo. Miguu nayo hupiga noti za chini, mbili kwa kila pigo, kama hatua za msafiri ambaye bado hajafika.

Wapinzani watasema, "Hayo ni masharti ya darasani." Naam, ndiyo! Na masharti hayo ndiyo yaliyozaa uzuri. Katika sauti tatu mwanafunzi hana pa kujificha. Mkono wa kushoto ukiharakisha, sala hugeuka kuwa kelele. Miguu ikisitasita, wimbo wote huyumba. Anachojifunza kwa vidole hujifunza kwa moyo pia. Washairi wetu walijua jambo hili tangu zamani: vina na mizani havikumziba kinywa mtu aliyekuwa na neno la kusema.

Nakiri kwamba mazoezi mengi ni makavu. Lakini ukavu huo ni wa mtungaji, si wa zoezi. Mwaka 1972 Andrei Tarkovsky alipotengeneza filamu yake Solaris, inayosimulia safari za anga za mbali, muziki aliouchagua ulikuwa utangulizi huu huu wa kitabu cha wanafunzi. Je, jukwaa la mwashi hudumu zaidi ya miaka 250?

Basi wewe uliyepewa leo zoezi la ukurasa mmoja, usiseme kwamba kazi ya kweli utaianza siku utakapohitimu. Imekwisha kuanza.