Mwacheni aseme "Leisesta"
Na Bakari Mwinyikondo

Shabiki wa mpira wa huku kwetu hahitaji darasa kutamka Leicester. Klabu hiyo ilipotwaa ubingwa wa Ligi Kuu ya England mwaka 2016, hata muuza kahawa alikuwa akisema "Lesta" bila kujiuliza herufi nyingine zimekwenda wapi. Jina alilipata redioni, kwa sikio. Anayeumbuka ni msomi aliyekutana nalo gazetini kabla ya kulisikia. Akithubutu kusema "Leisesta", kijiwe kizima kinaangua kicheko.

Kicheko hicho sikiungi mkono. Kiswahili kimetuzoesha kuyaamini maandishi. Mtoto aliyejua kusoma juzi, mwandikie Bwejuu au Namtumbo, atasoma sawasawa hata kama hajafika Unguja wala Ruvuma. Kumlaumu mtu aliyelelewa hivyo kwa kuzisoma herufi alizowekewa mbele ya macho ni uonevu.

Na herufi zile zilikuwa na kazi. Kipande cha "cester" asili yake ni castra, neno la Kilatini la kambi ya jeshi, na wenyeji wa kale walikitamka chote. Karne zikapita, ndimi zikameza silabi, lakini kalamu haikufuata. Wachapaji nao, kuanzia William Caxton aliyefungua mtambo wake Westminster mwaka 1476, wakachangia kuigandisha tahajia huku matamshi yakiendelea na safari yake. Ndiyo maana leo Gloucester ni "Glosta", Worcester ni "Wusta" na Bicester ni "Bista". Pale London kuna Southwark, isomwayo "Sadhak". Kule pwani ya Norfolk kuna kijiji cha Happisburgh, nacho wenyewe wanakiita "Heizbra". Hapo mimi huweka miwani chini.

Sasa unadhani umeshika kanuni? Nenda Cirencester. Zamani wapo waliolikata jina hilo likawa "Sisita", lakini siku hizi hutamkwa karibu lote: "Sairensesta". Daventry nayo iliitwa "Deintri", leo inasomwa kama ilivyoandikwa. Maandishi yamewashinda wazee. Waliolisoma jina kwenye karatasi walizidi kuwa wengi kuliko waliolirithi kwa sikio, na matamshi yaliyoitwa makosa yakawa ndiyo sahihi. Msomi wetu wa kijiweni, basi, anafanya lile lile walilofanya Waingereza, ila yeye yuko peke yake.

Mtangazaji simtetei. Yeye analipwa, na dakika mbili za kusikiliza jina kabla ya kwenda hewani hazimpunguzii kitu. Raia wa kawaida hana deni hilo. Waingereza wengi waliokuja kutawala waliiita Kenya "Kiinya" miaka nenda rudi, na sijasikia kwamba kuna aliyenyimwa cheo kwa ajili hiyo.

Kwa wanaotaka kuendelea kusahihisha wenzao, ipo Shrewsbury, mji wa magharibi mwa England wenye klabu yake ya mpira. Wapo wenyeji wanaosema "Shrozbri", wapo wanaosema "Shruzbri", na ubishi wao haujaisha. Timu hiyo ikipangwa kwenye Kombe la FA, mtangazaji wetu achague lolote. Mwenye malalamiko aanze kuwapigia simu watu wa Shrewsbury.